Jinsi ya kupima ubora wa picha za kitabibu kwa kompyuta

Chukua picha mbili za CT (eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) zilizopigwa kwa mionzi kidogo, moja ya kifua na nyingine ya ini. Zote zina chenga kiasi kilekile, zile nukta zinazotapakaa bila mpangilio juu ya tishu. Ile ya kifua inafaa. Tishu ya mapafu imejaa hewa, hivyo husoma karibu −850 kwenye kipimo cha Hounsfield (mizani ya CT ambamo maji husoma 0 na hewa −1000), na kinundu cha milimita 5 kilichomo ndani yake husoma karibu 30. Tofauti inakaribia 900, na chenga za 40 kwenye kipimo hichohicho haziwezi kuificha. Ile ya ini ni ya hatari. Kivimbe cha milimita 5 kwenye ini kinaweza kupishana na tishu inayokizunguka kwa 20 tu, na chenga hizohizo za 40 zinakimeza. Kompyuta itatoa namba moja ya chenga kwa picha zote mbili, lakini moja inamsaidia mgonjwa na nyingine inampotosha daktari wake.

Ndiyo maana swali la kama picha ni nzuri halina jibu mpaka tujue inatakiwa kuonyesha nini. Nimewaandikia mwongozo huu wanafunzi, wataalamu wa mionzi na waandishi wa programu wanaoanza kushika picha za kitabibu na wanaotaka kuzipima kwa namba badala ya kuzikadiria kwa macho. Haukuandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujisomea picha zake na kujipa majibu. Kazi hiyo ni ya daktari wa radiolojia.

Zana zote utakazohitaji ni za bure. ImageJ, iliyoandikwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, inatosha kwa sehemu kubwa ya vipimo vya msingi. 3D Slicer inafaa kwa picha zenye vipande vingi. Ukitaka kupima picha mia kwa mkupuo, tumia Python pamoja na maktaba za pydicom, SimpleITK, NumPy na scikit-image.

Hatua ya 1. Andika kazi ya picha kwa sentensi moja

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika picha hizi zinatakiwa kumwonyesha daktari (au algoriti, yaani programu inayosoma picha) kitu gani, chenye ukubwa gani, ndani ya kiungo gani. Kwa mfano: kuona kivimbe cha milimita 5 ndani ya ini, au kupima upana wa mshipa mkuu wa damu kwa kosa lisilozidi milimita 1. Sentensi ikikosa ukubwa, iandike upya.

Vipimo vyote vinavyofuata vitachaguliwa kutokana na sentensi hiyo. Anayetafuta ufa mwembamba kwenye mfupa anahitaji picha kali yenye kingo zinazokata, hata kama ina chenga. Anayetafuta uvimbe mpana uliofifia anahitaji picha tulivu, hata kama kingo zimelegea kidogo. Ukizidisha kimoja mara nyingi unapunguza kingine, kwa sababu kichujio kinachofuta chenga hulainisha kingo pia.

Hatua ya 2. Pata faili asilia, kisha ondoa utambulisho wa mgonjwa

Picha za kitabibu huhifadhiwa kwa muundo wa DICOM, ambao ulipewa jina hilo mwaka 1993. Faili la DICOM huanza na baiti 128 za utangulizi, zikifuatiwa na herufi nne: DICM. Programu ikikataa kufungua faili, angalia herufi hizo kwanza.

Usikubali picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, wala iliyogeuzwa kuwa JPEG. Picha ya CT kwa kawaida hubeba biti 12, yaani ngazi 4,096 za kijivu. JPEG ya kawaida hubeba biti 8, ngazi 256, na juu ya hapo huwa imeshabanwa na kuachiwa alama za mraba ambazo kompyuta itazihesabu kama sehemu ya mwili. Anayetuma JPEG pia huwa ameshachagua mwangaza wa kuonyeshea, na kilichokuwa nje ya mwangaza huo kimekatwa. Maji yakimwagika hayazoleki: hakuna programu itakayokurudishia ngazi hizo.

Utambulisho wa mgonjwa uondolewe kabla faili halijatoka mahali lilipopigwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali viko kwenye kichwa cha faili (maelezo yaliyo mwanzoni mwake), na vingine hujificha kwenye sehemu za siri ambazo kila kiwanda huziandika kwa namna yake. Kufuta kichwa hakutoshi. Kwenye picha nyingi za ultrasaundi jina limechorwa ndani ya pikseli zenyewe, kwa hiyo lazima eneo hilo lifunikwe. Na picha za kichwa cha mgonjwa, za CT au MRI (inayotumia sumaku badala ya mionzi), zina uso: mtu anaweza kuunganisha vipande akapata sura kamili ya mgonjwa. Ukitaka kuzisambaza kwa utafiti, futa eneo la uso kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hili tusilifanyie mzaha hata kidogo, kwa sababu mgonjwa alikubali kupigwa picha ili atibiwe.

Hatua ya 3. Geuza namba ziwe na maana

Namba zilizomo kwenye faili la CT bado siyo vipimo vya Hounsfield. Kichwani mwa faili kuna kizidishi na kiongezeo: zidisha kila pikseli kwa kizidishi, kisha ongeza kiongezeo, ambacho mara nyingi ni −1024. Hapo ndipo maji yatasoma 0 na hewa −1000, kwa mizani iliyopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi ambaye mashine yake ilimpiga mgonjwa wa kwanza mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London. Fanya jaribio dogo kila mara: pima hewa iliyo nje ya mwili. Ikisoma karibu na −1000, endelea. Ikisoma 24 au namba nyingine isiyoeleweka, hukuongeza kiongezeo.

Picha za MRI hazina mizani ya namna hii. Namba 400 kwenye mashine moja haina uhusiano wowote na 400 kwenye mashine nyingine, na hata kwenye mashine ileile inaweza kubadilika kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Usilinganishe mwangaza wa MRI mbili kabla ya kuzisawazisha.

Mambo manne yanayoharibu kazi kimyakimya nayataja pamoja. La kwanza, baadhi ya eksirei huhifadhiwa kwa kinyume, ambapo namba kubwa ni nyeusi. Kichwa cha faili kitasema MONOCHROME1. La pili, vipande vipangwe kwa nafasi yao mwilini, kamwe visipangwe kwa jina la faili, kwa sababu kompyuta huweka 10 kabla ya 2. La tatu, unene wa kipande na umbali kati ya vipande ni vitu viwili tofauti. Kwa kupima ujazo tumia umbali. La nne, kwenye eksirei umbali kati ya pikseli unaoandikwa mara nyingi ni ule wa kwenye kipokezi, na kivuli cha kiungo huwa kikubwa kuliko kiungo chenyewe. Milimita ya kwenye picha siyo milimita ya mwilini.

Kuhusu dirisha la kuonyeshea, yaani sehemu ya namba inayogeuzwa kuwa kijivu cha skrini: kwa tishu laini za tumbo watu hutumia katikati 40 na upana 400, kwa mapafu katikati −600 na upana 1500. Dirisha ni la jicho tu. Mahesabu yafanyike kwenye namba kamili, kabla ya dirisha.

Hatua ya 4. Tazama kwa macho kabla ya kupima

Pitia vipande vyote, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Tafuta kingo zenye vivuli viwili (mgonjwa alisogea au alipumua), michirizi inayotoka kwenye chuma au jino lililozibwa, duara zenye kitovu kimoja (chembe ya kipokezi cha CT imeharibika), na kwenye MRI, sehemu ya mwili iliyojikunja ikatokea upande wa pili. Ukiona dosari hizi, zitaje kwa jina na uonyeshe zilipo. Namba moja ya ubora ya picha nzima haitazieleza, na mara nyingi haitaziona kabisa.

Hatua ya 5. Pima chenga na kontrasti

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapokuomba utulie.

Chora eneo la kupimia, duara au mraba, ndani ya tishu iliyo sare. Kwenye ini, kwepa mishipa ya damu na ukae mbali na ukingo. Soma namba mbili: wastani na mkengeuko sanifu (namna namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani huo). Mkengeuko huo ndio kipimo cha chenga. Eneo likiwa dogo mno, tuseme pikseli 20, namba itarukaruka kila ukilisogeza. Likiwa kubwa mno litagusa tishu nyingine na mkengeuko utapanda bila chenga kuongezeka. Weka maeneo kadhaa na utumie wastani wao. Kisha chora eneo jingine ndani ya kitu unachokitafuta. Tofauti ya wastani hizo mbili ndiyo kontrasti. Ukiigawa kwa mkengeuko sanifu, inakupa uwiano wa kontrasti kwa chenga.

Turudi kwenye kivimbe cha ini. Tofauti ni 20, chenga ni 40, kwa hiyo uwiano ni 0.5. Je, kinaonekana? Uwiano huo peke yake haujibu, kwa sababu jicho halitazami pikseli mojamoja. Jicho hujumlisha. Albert Rose alionyesha mwaka 1948 kwamba ili mtu atambue kitu kwa uhakika, uwiano wa kitu kizima unatakiwa kufika karibu 5. Uwiano wa kitu kizima ni uwiano wa pikseli moja ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pikseli zinazounda kitu hicho.

Tupige hesabu. Pikseli yenye upana wa milimita 0.7 ina eneo la milimita za mraba 0.49. Kivimbe cha duara chenye kipenyo cha milimita 5 kina eneo la karibu milimita za mraba 19.6, yaani pikseli 40 hivi. Kipeuo cha pili cha 40 ni 6.3. Mara 0.5 inakuwa 3.2, chini ya 5. Hakiaminiki. Kivimbe cha milimita 10 kwenye picha ileile kinapata 6.3, na huenda kikaonekana. Kinundu cha mapafu cha milimita 5, chenye tofauti ya 900, kinazidi 140. Ndiyo sababu ya ule ukubwa niliosisitiza katika sentensi ya hatua ya kwanza.

Hesabu hii inachukulia kwamba chenga za pikseli moja hazihusiani na za jirani yake. Kwenye CT zinahusiana, kwa hiyo jibu la kweli huwa baya zaidi ya lile ulilolipata. Litumie kama kikomo cha juu: likishindwa hapa, usitarajie miujiza.

Sasa, ufanye nini na kile kivimbe kidogo? Wengi hukimbilia kuongeza mionzi. Ili kupunguza chenga kwa nusu kwa njia hiyo, mionzi lazima iongezwe mara nne, na mgonjwa ndiye anayebeba mzigo huo. Kabla ya hapo jaribu kujumlisha vipande. Vipande vinne vya milimita 1, ukivitafutia wastani ili viwe kimoja cha milimita 4, hupunguza chenga kwa nusu pia, kutoka 40 hadi 20, na uwiano wa kivimbe kizima unapanda kutoka 3.2 hadi 6.3 bila mgonjwa kurudi mezani. Kivimbe cha milimita 5 bado kinajaza sehemu kubwa ya kipande hicho. Kingekuwa cha milimita 2, kipande kinene kingekichanganya na tishu nzima na kontrasti yake ingeshuka. Ukubwa, tena.

Kwa MRI kuna mtego wake. Watu wengi hupima chenga kwenye hewa iliyo nje ya mwili. Picha ya kawaida ya MRI haina namba hasi, kwa hiyo chenga za kwenye hewa zimekunjwa upande mmoja wa sifuri, na mkengeuko unaousoma hapo ni takriban 0.655 tu ya chenga halisi. Gawa kwa 0.655 ili kurekebisha. Marekebisho haya yanafaa kwa mashine inayotumia koili moja ya kupokea (waya unaonasa ishara kutoka mwilini). Kwa koili nyingi na upigaji wa kasi, chenga hutofautiana kutoka sehemu moja ya picha hadi nyingine, na hewa ya pembeni haikuambii chochote kuhusu katikati ya kichwa. Njia ninayoiamini zaidi ni kupiga picha ya fantomu (kifaa cha majaribio kinachokaa mahali pa mgonjwa), au ya mtu aliyetulia, mara mbili kwa mpangilio uleule bila kugusa kitu. Toa picha moja kwenye nyingine, pima mkengeuko wa tofauti ndani ya eneo lako, kisha gawa kwa kipeuo cha pili cha 2. Maumbo ya mwili yanafutana, chenga zinabaki.

Hatua ya 6. Pima ukali

Njia ya haraka ni kupitisha kichujio cha Laplace (hesabu inayokuza mabadiliko ya ghafla kati ya pikseli jirani) juu ya picha na kuangalia jinsi matokeo yanavyotawanyika. Picha yenye ukungu hutawanyika kidogo. Inafaa kuchuja maelfu ya eksirei ili kukamata zile ambazo mgonjwa alisogea. Lakini chenga nazo hupandisha namba hiyo, kwa hiyo picha chafu inaweza kupita kama picha kali. Ilinganishe tu na picha za mashine ileile zenye chenga zinazolingana.

Njia ya uhakika inahitaji ukingo mnyoofu, kama bamba la chuma kwenye eksirei, uliolazwa kwa pembe ya nyuzi chache, tuseme 2 hadi 5, dhidi ya safu za pikseli. Kwa kuwa umeinama, kila safu inaukata mahali tofauti kidogo, na ukizipanga safu zote pamoja unapata mchoro wa ukingo wenye nukta nyingi kuliko pikseli zenyewe. Tafuta mteremko wa mchoro huo, kisha upitishe kwenye mgeuzo wa Fourier (hesabu inayochambua mchoro kuwa mawimbi ya masafa mbalimbali). Matokeo ni MTF, mkunjo unaoanza kwenye 1 na kushuka, ukionyesha ni kiasi gani cha kontrasti kinachobaki kadiri vitu vinavyozidi kuwa vidogo. Andika mahali unapofika 50% na unapofika 10%. Hatua ya kutafuta mteremko hukuza chenga, kwa hiyo rudia upigaji mara kadhaa na utumie wastani.

Tahadhari kwa mashine mpya: kwenye picha zilizoundwa kwa mbinu za kurudiarudia hesabu au kwa akili mnemba, ukali hubadilika kulingana na kontrasti. Ukingo wa chuma unaweza kutoka mkali kama wembe huku ukingo wa kivimbe cha ini ukiwa umeyeyuka. Pima kwa kitu chenye kontrasti inayokaribia ya kazi yako, la sivyo namba itakuwa sahihi kwa swali ambalo hukuliuliza.

Hatua ya 7. Tazama umbile la chenga

Picha mbili zinaweza kuwa na mkengeuko sanifu wa 15 zote, moja ikiwa na punje ndogondogo na nyingine madoa mapana. Madoa mapana ndiyo yanayofanana na vivimbe, na ndiyo yanayomchosha msomaji. Ili kuyatofautisha, kata maeneo mengi yaliyo sare kutoka kwenye picha za fantomu ya maji, ondoa wastani wa kila eneo kwenye pikseli zake, pitisha kila moja kwenye mgeuzo wa Fourier, chukua mraba wa ukubwa wake, kisha tafuta wastani wa maeneo yote. Huo ndio wigo wa nguvu za chenga. Kilele chake kikihamia upande wa masafa ya chini (mawimbi mapana), chenga zimekuwa madoa.

Kuna njia rahisi ya kujua kama programu yako imehesabu vizuri: jumla ya eneo lote chini ya wigo lazima ilingane na mraba wa mkengeuko sanifu wa maeneo hayohayo, ukiupima kama katika hatua ya 5. Isipolingana, kuna kizidishi ulichokisahau.

Hatua ya 8. Linganisha na picha ya rejea, kwa uangalifu

Ukiwa na picha asilia na nyingine iliyobanwa, iliyosafishwa au iliyoundwa upya, utakutana na vipimo viwili kila mahali. PSNR (uwiano wa kilele cha ishara kwa chenga) hutokana na wastani wa miraba ya makosa kati ya picha hizo mbili, na huwa kubwa kadiri makosa yanavyopungua. SSIM, iliyotolewa mwaka 2004 na Zhou Wang, Alan Bovik, Hamid Sheikh na Eero Simoncelli, hulinganisha mwangaza, kontrasti na muundo katika vidirisha vidogovidogo, na hutoa 1 kwa picha zinazofanana kabisa.

Vyote viwili vinataka uiambie programu upana wa namba za picha. Ukiipa 255 kwa picha ya CT yenye upana wa 4,096, matokeo hayana maana, na programu haitakuonya. Pili, hewa nyeusi inayouzunguka mwili inalingana karibu kikamilifu kwenye picha zote mbili na hupandisha alama. Weka barakoa (ramani inayoonyesha pikseli zipi ni za mwili) ili upime ndani ya mwili tu. Tatu, picha ikisogea pikseli moja PSNR inaporomoka ingawa daktari haoni tofauti. Zioanishe kwanza.

Tatizo kubwa halitatuliwi kwa kurekebisha programu. Katika shindano la fastMRI la mwaka 2020, lililohusu kuunda upya picha za MRI kutoka data pungufu, baadhi ya picha zilizotolewa na mitandao ya neva bandia (programu za akili mnemba) zilikuwa na maumbo ambayo hayakuwepo mwilini. SSIM hutoa wastani wa picha nzima, na umbo moja la uongo, au kivimbe kimoja kilichofutwa, ni pikseli chache kati ya laki kadhaa. Kwa hiyo tengeneza pia ramani ya tofauti, picha moja ukiitoa kwenye nyingine, na uitazame. Ikionekana kama chenga tupu, ni dalili njema. Ukiona ndani yake umbo la mshipa au ukingo wa kiungo, kuna kitu kimeondolewa au kimeongezwa.

Vipo pia vipimo visivyohitaji rejea, kama BRISQUE ya mwaka 2012. Vilifunzwa kwa picha za kamera za watu, miti na majengo. Kwa eksirei mimi sivitumii bila kuvifunza upya.

Hatua ya 9. Pima kazi ya algoriti yenyewe

Kama picha zinakwenda kwenye programu inayochora mipaka ya kiungo au uvimbe, kipimo cha kawaida ni kigezo cha Dice: mara mbili ya eneo la pamoja, ukigawa kwa jumla ya maeneo mawili. Kinategemea sana ukubwa. Uvimbe wa pikseli 20, programu ikikosa 5, unapata 0.86. Ini la pikseli 20,000, programu ikikosa zilezile 5, linapata 0.9999. Usichanganye viungo na vivimbe katika wastani mmoja. Ongeza kipimo cha umbali kati ya mipaka, kama Hausdorff ya asilimia 95 (umbali ambao asilimia 95 ya nukta za mipaka haziuzidi), na hesabu ya vivimbe vilivyokosekana kabisa. Ukibadilisha ukubwa wa picha, barakoa ya mipaka hiyo ibadilishwe kwa kanuni ya jirani wa karibu (kila pikseli mpya huchukua lebo ya iliyo karibu nayo zaidi), maana kanuni nyingine huzaa namba zisizokuwepo kati ya lebo mbili.

Tenga wagonjwa, usitenge picha. Vipande vya mgonjwa mmoja vikiwa pande zote mbili, kwenye mafunzo na kwenye jaribio, alama zitakuwa za kukariri. Na jaribu kwenye picha za hospitali nyingine. Mwaka 2018 John Zech na wenzake walichapisha utafiti wa mtandao wa neva bandia wa kutambua nimonia kwenye eksirei za kifua, ambao uliweza kutambua picha imetoka hospitali gani kwa usahihi mkubwa na kufaidika na taarifa hiyo, huku uwezo wake ukishuka kwenye picha za nje. Ubora wa picha ni mojawapo ya njia zinazovujisha siri ya namna hiyo. Kama wagonjwa mahututi walipigwa kwa mashine ya kitandani yenye picha hafifu, programu itajifunza uhafifu na kuuita ugonjwa. Chukua vipimo vyako vya chenga na ukali, vitenganishe kwa kundi la wagonjwa na kundi la wazima, na uone kama makundi hayo yanatofautiana kabla hujafunza chochote.

Hatua ya 10. Waulize wasomaji

Chagua picha, changanya mpangilio, ficha jina la mashine na la njia iliyotumika, na uwape angalau madaktari wawili wa radiolojia. Usiwaulize kama picha inapendeza. Waulize kile kilichoandikwa kwenye sentensi ya hatua ya 1: kivimbe kipo au hakipo, na una uhakika kiasi gani kwa ngazi ya 1 hadi 5? Alama za uhakika zitakuwezesha kuchora mkunjo wa ROC, unaolinganisha vivimbe vilivyopatikana kweli na tahadhari za uongo. Kukubaliana kwao pima kwa kappa ya Jacob Cohen, ambayo huondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Namba zako zikisema picha A ni bora na wasomaji wakapata vivimbe vingi kwenye B, waamini wasomaji, kisha urudi kutafuta ni kipimo gani hakikuwa na uhusiano na kazi.

Hatua ya 11. Weka rekodi na uifuatilie

Kwa mashine inayotumika kila siku, piga fantomu ya maji asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Andika wastani wa katikati, wastani wa maeneo manne ya pembeni, mkengeuko sanifu, pamoja na mpangilio uliotumika: kilovolti, mkondo, unene wa kipande, njia ya kuunda picha na toleo la programu. Toleo la programu ndilo linalosahaulika, ilhali sasisho la usiku mmoja linaweza kubadilisha umbile la chenga huku mkengeuko ukibaki palepale. Chora namba hizo kwenye grafu moja yenye tarehe. Maji yanatakiwa kubaki karibu na 0, ndani ya mipaka iliyowekwa na kiwanda au mamlaka inayosimamia mashine yako. Mstari ukianza kupanda polepole kwa wiki kadhaa, mwite mtaalamu wa fizikia ya tiba hata kama bado uko ndani ya mipaka. Ukivuka, rudia upigaji mara moja baada ya kuhakikisha fantomu imekaa katikati. Ukivuka tena, wagonjwa wahamishiwe mashine nyingine mpaka ikaguliwe.